Gego la Tandahimba, bei ya Dar es Salaam

Msimu wa korosho ukifunguliwa, wilaya nzima ya Tandahimba, mkoani Mtwara, hugeuka wahasibu. Mzee ambaye hajashika kalamu tangu aache darasa la nne atakutajia bei ya juu na bei ya chini ya mnada wa jana, kisha atakushushia makato moja baada ya jingine: ushuru wa halmashauri, fedha ya chama cha msingi, fedha ya chama kikuu, ghala, usafirishaji, gunia. Mkosee shilingi kumi kwa kilo uone kama hatakufuata hadi ofisini. Mwaka 2018 wakulima wa huku walizikataa bei za wanunuzi mnadani, mpaka Rais Magufuli akatangaza shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya jeshi yakaja kubeba mzigo. Msimu wa 2024/2025, bei za minada ya mwanzo zilipovuka shilingi 4,000, hakuna aliyehitaji kusubiri taarifa ya habari ili ajue.

Sasa mtu huyohuyo mwenye kadi ya bima ya afya muulize bima inalipa kiasi gani jino lake likizibwa. Hajui. Nani alikipanga kiasi hicho? "Serikali." Kwa hesabu gani? Anakutazama kama umemuuliza bei ya mvua.

Simcheki. Nami nilikuwa hivyohivyo mpaka mjomba wangu alipoumwa gego.

Mjomba ni mnufaika kwenye kadi ya binti yake, mwalimu wa shule ya msingi. Kila mwezi asilimia 3 ya mshahara wa mwalimu huyo hukatwa, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Ndio utaratibu wa watumishi wa umma katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001. Kwa hiyo mzee hakwenda hospitali kuomba. Alikwenda na chake mkononi. Nilimsindikiza hadi kituo kimoja, ambacho sitakitaja maana kosa si lake peke yake, tukampata daktari kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Hili gego linaninyima usingizi wiki ya pili sasa."

Kijana akapima, akagonga, akapulizia hewa, mjomba akaruka. Kisha akasema, "Limetoboka, lakini mzizi wake unatibika. Linaokoleka, mzee. Ila kwa kadi hapa tunang'oa. Ukitaka tutibu mzizi itabidi ulipie keshi, au nikuandikie rufaa ya mjini."

"Huko mjini nitakwenda mara moja?"

"Mara tatu hivi. Wakati mwingine nne."

Mjomba alinigeukia. "Mpwa, jino moja linipandishe basi mara tatu? Mwambie ang'oe."

Likang'olewa. Mzee alipokuwa ameuma pamba, nilimfuata daktari kwenye korido nimuulize kwa nini kadi inang'oa na haitibu. Akaniambia haikatazi. Kwenye kitita cha mafao, ile orodha ya huduma na bei zinazolipwa na bima, kuziba kupo na mzizi upo. Shida ni bei. Kung'oa kunataka ganzi, koleo lililotakaswa, pamba, na dakika kumi na tano kama jino si kaidi. Kutibu mzizi kunataka eksirei si moja, vile visindano vyembamba vya kusafishia mzizi ambavyo huchakaa na kutupwa, dawa ya kujazia, na kiti kukaliwa na mgonjwa mmoja saa nzima, mara tatu. "Nikitoa vifaa kwenye kile wanacholipa," alisema, "kituo kinabaki kinanidai mimi."

Hakumdanganya mjomba. Hakuna waraka wowote ulioandika kwamba meno ya wazee wa Tandahimba yang'olewe. Kilichoandikwa ni bei tu, na bei ndiyo iliyoamua tiba kabla mzee hajafungua kinywa. Hilo ndilo ninalotaka tulitazame: bei ya bima tunaizungumzia kama malipo, jambo la wahasibu na vituo, kumbe ni maelekezo ya tiba. Anayeipanga yuko chumbani na daktari, na kwa kawaida ndiye mwenye sauti kubwa.

Anaipangaje? Dunia ina njia chache, na kila moja ina mlango wake wa wizi.

Njia iliyozoeleka kwenye bima za meno za Marekani ni kutazama majirani wanatoza nini. Kila kazi ya jino ina namba yake. Kampuni hukusanya bili za kazi hiyo katika eneo, mara nyingi likitambuliwa kwa tarakimu tatu za mwanzo za namba ya posta, huzipanga kuanzia ya bei nafuu hadi ya bei ghali, kisha huchagua nafasi: tuseme ya 80 katika kila bili 100. Bei iliyokaa hapo ndiyo wanaiita ya kawaida, iliyozoeleka na ya haki. Ukisikia bima yao inalipa asilimia 100 ya kusafisha meno, 80 ya kuziba na 50 ya kuvika jino kofia, ambao ndio mgawanyo unaokutana nao mara nyingi, jua kwamba ni asilimia ya bei ile ya kampuni. Bili ya daktari wako haimo kwenye hesabu. Chukua mfano wa kuziba: daktari anatoza dola 200, kampuni inasema kawaida ya hapa ni 150, inalipa asilimia 80 ya 150, yaani 120. Dola 80 zilizobaki ni zako. Kwenye karatasi umekingwa kwa asilimia 80. Mfukoni umekingwa kwa 60.

Njia hii inasikika kuwa ya haki mpaka uulize lile daftari la bili analitunza nani. Kwa miaka mingi makampuni mengi ya bima ya Marekani yalitumia daftari la kampuni iliyoitwa Ingenix, na Ingenix ilikuwa mali ya UnitedHealth, mmoja wa watoa bima wakubwa kabisa nchini humo. Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York wakati huo, Andrew Cuomo, alilichunguza suala hilo mwaka 2008 na kuona kwamba bei za soko zilikuwa zimeshushwa, kwa baadhi ya malipo ya kumwona daktari hadi asilimia 28. Januari 2009 UnitedHealth ilikubali kutoa dola milioni 50 ili kianzishwe chombo huru cha kutunza takwimu hizo, na ndiyo asili ya FAIR Health, ambacho leo mgonjwa wa kawaida anaweza kukifungua kwenye intaneti akaona kazi fulani inagharimu kiasi gani mtaani kwake. Mkulima wa korosho hahitaji kufafanuliwa kisa hiki. Ni sanduku la zabuni kulala nyumbani kwa mnunuzi.

Njia nyingine ni kujenga bei kutoka chini, kwa kuhesabu kazi yenyewe inakula nini. Mfuko wa wazee wa Marekani, Medicare, ulianza kuwalipa madaktari hivyo mwaka 1992, kwa kutumia utafiti ulioongozwa na William Hsiao wa Harvard. Kila huduma ilipewa pointi za aina tatu: jasho na ujuzi wa daktari, gharama za kuendesha kliniki, na bima ya makosa ya kazini. Pointi hizo huzidishwa kwa kigezo cha mahali, kwa sababu pango na mishahara ya mji mmoja si ya mji mwingine, kisha jumla huzidishwa kwa kiasi kimoja cha fedha. Nako kuna malalamiko. Kamati inayopendekeza pointi ni ya madaktari wenyewe, na wale wa tiba ya kawaida wanasema mabingwa wamejaa mezani na wanajikatia minofu. Halafu Medicare ya kawaida karibu hailipi tiba ya meno kabisa, hivyo mjomba angezaliwa Marekani angeng'oa vilevile, tena kwa keshi.

Lakini lile wazo la kigezo cha mahali lishike. Nitalirudia.

Sisi tuna njia ya tatu: Mfuko unatengeneza kitita, wizara inapitisha, kituo kinasaini mkataba. Bei zinatofautiana kwa ngazi ya kituo, kuanzia zahanati hadi hospitali ya taifa. Kitita kilichotumika kwa muda mrefu kilikuwa cha mwaka 2016. Kipya kilipotangazwa mwishoni mwa 2023 kikasogezwa mbele, na kilipoanza tarehe 1 Machi 2024 hospitali kadhaa kubwa za binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko, zikisema bei mpya hazifiki gharama. Waziri wa Afya wakati huo, Ummy Mwalimu, alisimama na kitita. Siku chache baadaye huduma zikarejea, magazeti yakahamia kwingine.

Nilifuatilia mzozo ule kwa makini, na kusema kweli niliona kila upande una nusu ya hoja. Miaka minane ni mingi: mshahara, mafuta ya jenereta, glavu, hakuna kilichobaki kwenye bei ya 2016. Kwa upande mwingine, fedha za Mfuko ni makato ya mwalimu na nesi, na zipo bei za dawa na vipimo zilizokuwa juu kuliko duka la mtaani. Udanganyifu nao upo. Mfuko umewahi kuviadhibu vituo vilivyodai fedha za wagonjwa ambao hawakutibiwa. Ukitaka kuona mfuko unavyoelemewa pale hesabu inapokataa, tazama Toto Afya Kadi: shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ikasitishwa Machi 2023, kwa maelezo kwamba waliojiunga walikuwa wachache na wengi wao tayari ni wagonjwa, kiasi kwamba michango haikuweza kubeba matibabu. Mimi nilikuwa nimeshamkatia mwanangu. Niliumia, lakini hesabu niliielewa.

Kilichonikera katika mzozo ule ni kingine. Ulipiganwa Dar es Salaam, kati ya watu wa Dar es Salaam, kwa gharama za Dar es Salaam. Hospitali kubwa ikigoma Upanga, waziri anaitisha waandishi jioni hiyohiyo. Kusini hospitali haigomi. Inapunguza. Leo kuziba kwa dawa yenye rangi ya jino hakupo, mwezi ujao eksirei ya meno imeharibika na fundi anasubiriwa, mwaka kesho kiti kimefunikwa shuka. Hakuna taarifa kwa vyombo vya habari. Mgonjwa anaambiwa "hapa tunang'oa", anashukuru, anaondoka.

Tufanye hesabu ya kiti basi, kwa sababu hapo ndipo bei moja ya nchi nzima inapovunjika, na si watu wengi wanaofika hapo. Tuseme kiti cha meno na mashine zake kimenunuliwa kwa shilingi milioni 24 na kitadumu miaka minane. Hiyo ni milioni 3 kwa mwaka. Ukifanya kazi siku 250 kwa mwaka, kiti peke yake kinakula 12,000 kila siku, mgonjwa aje asije. Kliniki ya mjini yenye wagonjwa 12 kwa siku inambebesha kila mmoja shilingi 1,000. Kituo cha wilayani chenye wagonjwa watatu kinambebesha kila mmoja 4,000. Bado hatujawasha taa. Ongeza mshahara wa daktari, ambaye naye analipwa mwezi mzima, na mashine ya kutakasia vifaa inayotumia umeme uleule kwa koleo moja au kumi. Mjini gharama hizi zinayeyuka katika foleni. Wilayani zinaganda.

Mtu wa takwimu akitafuta wastani wa gharama nchini, bili nyingi atakazokusanya zitatoka kwenye foleni ndefu, maana ndiko wagonjwa waliko. Kutibu mzizi wa jino kwa kadi kwenye kituo kama kile cha mjomba hakutaonekana kwenye wastani wake. Hakufanyiki. Na hakufanyiki kwa sababu ya bei iliyotoka kwenye wastani wa jana. Jambo lisilofanyika halina bili, na lisilo na bili haliingii kwenye daftari.

Kisha barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 550, na karibu kila kitu kinachoingia kinywani mwa mgonjwa, kuanzia ganzi hadi dawa ya kuzibia, kinapita njia hiyo. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata barabara upande wa Kilwa, kule Somanga, mabasi na malori yalilala njiani siku nyingi. Ukifika Mtwara safari haijaisha. Barabara ya Mtwara kwenda Masasi kupitia Tandahimba na Newala ina kilomita 210. 50 za kwanza hadi Mnivata zilipata lami, nyingine 160 tumezisubiri miaka. Vituo vya umma vina nafuu kwa kuwa Bohari ya Dawa ina kanda yake Mtwara, ila Bohari ikikosa kitu, kituo kinakwenda kwa mshitiri, muuzaji binafsi wa dawa na vifaa, na mshitiri hauzi kwa bei ya kitita. Anauza kwa bei yake.

Upo ugumu mwingine ambao kitita kimoja hakiwezi kuumeza. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, watumishi wake wanalipwa mshahara na Hazina. Fedha ya bima ikiingia ni ya kununulia vifaa, kulipa umeme, kukarabati. Nenda Ndanda au Nyangao, hospitali za kanisa zilizotibu watu wa kusini kabla wengi wetu hatujazaliwa: hospitali za namna hiyo hupata watumishi kadhaa wa serikali, na waliobaki zinawalipa zenyewe. Kliniki ya mtu binafsi mtaa wa pili inalipa kila mtu, pamoja na pango na kodi. Jino ni lilelile. Bei inayomtosha wa kwanza ikambakizia chenji ndiyo inayomzamisha wa tatu. Ukiipandisha imtoshe wa tatu, umemwagia wa kwanza fedha za wanachama. Wanaosema "pandisheni tu bei" hawajakaa na hesabu hii usiku mmoja.

Ndiyo maana sitaki bei ipandishwe holela, na sitaki iachwe sokoni. Kuna nchi yenye bei moja na mambo yanakwenda. Japani kila huduma ina pointi, meno yakiwemo, pointi moja ni yeni 10 nchi nzima, kisiwani au Tokyo. Ila wao jedwali lao hulipitia kila baada ya miaka miwili, kwa ratiba, hakuna anayehitaji kugoma ili karatasi ifunguliwe. Sisi tulikaa na la 2016 mpaka watu wakafunga milango. Kama hatuna uwezo wa kupitia bei kila baada ya miaka miwili, basi angalau tusijifanye kwamba bei moja ni usawa.

England walijaribu urahisi wa aina nyingine, na ningewaomba wapanga bei wetu wausome kabla hawajauiga. Mwaka 2006 mkataba wa madaktari wa meno wa huduma ya taifa ulibadilishwa, kazi zikawekwa kwenye mafungu. Kuziba kukaingia fungu moja: daktari anapata alama 3, azibe jino moja au sita. Fikiria mgonjwa aliyeoza meno sita anapofungua mlango. Daktari anamwona kama hasara inayotembea. Wenye vinywa vibovu kuliko wote, ambao kwa kawaida ni maskini, ndio waliokuwa hawana faida kwa mtu. Marekebisho ya kuongeza alama kwa anayeziba meno matatu na zaidi yalikuja 2022, miaka 16 baadaye, wakati huo madaktari wengi wamekwisha kuikimbia huduma hiyo na kuhamia kwa wagonjwa wa kujilipia. Hakuna aliyewafukuza, jedwali liliwafukuza taratibu.

Nikirudi kwa kijana wetu wa korido: naye anaweza kushawishika upande wa pili. Lipa mzizi vizuri mno, kesho kila jino litakutwa na ugonjwa wa mzizi. Daktari ni mtu, kituo kina madeni. Kwa hiyo kazi ya mpanga bei ni kutafuta kiasi ambacho daktari mwaminifu hapotezi chochote kwa kuchagua tiba inayomfaa mgonjwa. Kung'oa na kuokoa viache mfuko wa kituo pale pale. Hiyo ndiyo mizani, na inapimika: chukua vituo vichache vya kila aina, Ligula kimoja, cha kanisa kimoja, cha binafsi wilayani kimoja, hesabu dakika, vifaa na umeme kwa kazi kumi tu za meno zinazofanyika zaidi. Si utafiti wa miaka mitano. Wanafunzi wa uhasibu wa chuo cha Stella Maris hapa Mtwara wangeumaliza likizo moja.

Kigezo cha mahali nimesema nitakirudia. Sidhani tunahitaji jedwali jipya kwa kila mkoa; tutazaa urasimu na kila mbunge ataomba jimbo lake lihesabiwe kuwa mbali. Inatosha safu moja ya nyongeza kwa vituo vya wilaya zenye wagonjwa wachache na safari ndefu ya vifaa, tena kwa kazi zile tu ambazo bila nyongeza zinatoweka: kutibu mzizi, kuziba meno ya mbele, meno ya watoto. Gharama yake kwa Mfuko itakuwa ndogo kwa sababu hiyohiyo inayoifanya ihitajike. Wagonjwa ni wachache. Na ukihesabu nauli ya mnufaika kwenda mjini mara tatu, pamoja na rufaa ambayo Mfuko utailipia kwa bei ya ngazi ya juu, huenda nyongeza ikawa nafuu kuliko ubahili.

Kuhusu kuchelewa kwa malipo, watu wa huku hawahitaji mhadhara, wanaijua kangomba. Kwa msomaji wa mbali: kangomba ni ununuzi wa korosho wa kujificha, mtu mwenye fedha taslimu anamfuata mkulima mwenye shida kabla ya mnada, anampimia kwa chombo chake mwenyewe na kumpa chini sana ya thamani. Kangomba haistawi kwa sababu wakulima ni wajinga. Inastawi pale fedha halali inapochelewa na mtoto anadaiwa ada. Kituo kilichodai bima miezi imepita nacho kina kangomba yake: mgonjwa wa bima anaambiwa ganzi imekwisha, akanunue duka la dawa la pale mbele, au anasogezwa nyuma ya mgonjwa wa keshi. Hakuna risiti inayoonyesha hilo. Ukipanga bei nzuri ukailipa kwa kuchelewa, umepanga bei mbaya.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na maana yake ni kwamba mchezo huu hautabaki wa walimu na manesi. Mkulima wa Tandahimba, mvuvi wa Msimbati na mama muuza samaki wa Kilwa Masoko wanaingia. Wengi wao bima waliyoizoea ilikuwa ya CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka, na wengi waliikimbia baada ya kuambiwa dawa hakuna. Sasa wanaombwa waamini tena. Napenda kufikiria siku mchango wa bima utakapotajwa kwenye orodha ya makato mnadani. Mkutano mkuu wa chama cha msingi utawaka moto, na mimi nitakaa mbele. Watauliza yote ambayo sisi wenye mishahara hatukuwahi kuuliza kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa kuwa makato yetu yanapita benki usiku tumelala.

Watataka kujua gharama ya kuziba jino imehesabiwaje, na daftari linatunzwa na nani. Jibu zuri lingekuwa kubandika. Bei ya kila kazi kwenye ubao wa kituo, kwa Kiswahili, pembeni yake imeandikwa vifaa kiasi gani, mtaalamu kiasi gani, mitambo kiasi gani, kama makato ya korosho yanavyobandikwa. Kituo kikisema bei haitoshi, kioneshe mstari upi haufiki. Mfuko ukisema inatosha, uoneshe ulinunua wapi glavu za bei hiyo.

Wiki iliyopita simu iliita usiku. Mjomba.

"Mpwa, hili la jirani nalo limeanza."

"Pole, mjomba. Nikukatie tiketi ya kuja?"

"Subiri kwanza. Waulize huko, kuliziba ni kiasi gani, na makato yake yakoje."